Mgeni karibu, lakini pita mlango huu huu!

  

Wiki hii wapenzi wa gemu sogeeni karibu, nina maneno nanyi. Na wewe mama, ambaye huchezi gemu ila una kijana chumbani anayekesha na kompyuta mpaka jogoo anawika, usifunue ukurasa. Mlango ninaotaka kuuongelea ni wa nyumba yako, na funguo anazo yeye.

Vijana wengi siku hizi hawataki kucheza kwenye seva za watu. Seva, kwa wale wageni wa mambo haya, ni ile kompyuta inayobeba mchezo wenyewe. Wachezaji wote wanaingia humo kama daladala zinavyoingia stendi. Sasa msela anataka stendi iwe kwake. Aweke sheria zake, awaite washikaji zake, asitokee mtu asiyemjua akaanza kumtukania mzazi. Mimi sina ubaya na hilo hata kidogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena kuna sababu nyingine yenye akili. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukicheza kwenye seva iliyoko Frankfurt, kila unapobonyeza kitufe habari zako zinasafiri kama kilomita 7,000 hadi kule, halafu jibu linarudi. Ndani ya waya wa faiba mwanga unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: kwenda na kurudi ni milisekunde 70, na hapo tumejifanya waya umenyooka kama rula, wakati nyaya zenyewe zinazunguka baharini. Ni kweli tangu SEACOM ilipotua Dar mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 tumepumua, tumeachana na satelaiti. Lakini umbali ni umbali. Kwenye gemu la kupigana risasi, unakufa kabla hujamwona aliyekuua! Sasa wewe wa Sinza na mshikaji wako wa Temeke kukutana Ujerumani, si sawa na kutoka Sinza kwenda Mwenge kwa kupitia Morogoro?

Kwa hiyo kijana anaweka seva nyumbani. Anacheza na mdogo wake aliyeko sebuleni, mambo bomba. Anampigia mshikaji wa Temeke aingie, inagoma. Anazima, anawasha, inagoma. Hapo ndipo anaposikia kwa watu neno linaloitwa poti fowadingi. Neno linatisha kama jina la ugonjwa, lakini wacha nikueleze kwa lugha ya nyumbani.

Chukulia nyumba ya wapangaji yenye uzio, geti moja na mlinzi mmoja. Kwa nje nyumba ina namba moja tu, ile uliyopewa na kampuni ya intaneti. Ndani mna vyumba: simu ya baba, simu ya mama, televisheni, kompyuta, kamera ya ukutani. Kila chumba kina namba yake, mathalani 192.168.1.50, lakini namba hiyo inajulikana ndani ya uzio peke yake. Jirani yako naye anaweza kuwa na chumba chenye namba hiyo hiyo na msigombane. Tunabanana hivi kwa sababu namba za nje ni chache. Kwa mtindo wa zamani zipo kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011.

Mlinzi wa geti ndiye ruta, kile kiboksi chenye taa kilichokaa juu ya kabati. Kazi yake anaijua. Mpangaji akitoka kwenda kuulizia kitu, mlinzi anaandika kwenye daftari. Jibu likirudi, anajua ni la chumba gani, analipitisha. Lakini akija mtu baki anagonga tu, hajaitwa na yeyote, mlinzi anamwuliza, "Unamtaka nani?" Hana jibu. Anarudishwa. Mshikaji wako wa Temeke ndiye huyo mtu baki.

Poti fowadingi ni kumwachia mlinzi maagizo: "Akija mtu akataja namba 25565, mpeleke chumba cha 50." Basi, hakuna uchawi. Hiyo namba ndiyo poti, na kila huduma ina yake. Minecraft ya kompyuta, ile inayoitwa Java, inatumia 25565. Minecraft ya simu, inayoitwa Bedrock, inatumia 19132. Mgeni anataja namba, anaongozwa chumba kimoja, habari imekwisha.

Tatizo linaanza kijana anapochoka kutoa maagizo ya namba moja moja.

Nina mpwa wangu Tabata, yuko kidato cha nne. Mwezi uliopita alinipigia. "Shikamoo anko." Marahaba, vipi? "Anko, washikaji wanashindwa kuingia kwenye Minecraft yangu, na mi nimeshafungua kila kitu." Lile neno "kila kitu" likanishtua. Jumamosi nikafunga safari.

Nakuta nini? Bwana mdogo kaona video mahali, kaenda kwenye ruta, kaiweka kompyuta kwenye sehemu inayoitwa DMZ. Yaani kamwambia mlinzi hivi: "Yeyote atakayekuja, na namba yoyote, usiulize, mlete chumba cha 50." Halafu faiawoli ya Windows, ambayo ni kufuli ya chumba chenyewe, nayo kaizima. Na kompyuta yenyewe si yake peke yake. Mama yake anaweka humo hesabu za duka na za mchezo wa kina mama. Dada yake anaandika humo ripoti ya chuo, miezi mitano ya jasho, na nakala nyingine hana.

Nikauliza: sasa kama geti lote liko wazi, mbona washikaji hawaingii? Nikafungua ukurasa wa hali ya ruta, nikaangalia namba ya nje. Inaanza na 100.72. Nikacheka.

Msomaji wangu, namba za kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazochanganya wateja wengi nyuma ya namba moja. Maana yake, mbele ya geti lako kuna geti lingine, la mtaa mzima. Mlinzi wake hakujui, hachukui maagizo yako. Unaweza kung'oa geti la kwako ukalitupa, mgeni bado ataishia kwenye lile la mtaa.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake, anasikiliza. "Kwa hiyo, kaka, hesabu zangu zilikuwa nje?"

"Zilikuwa uani, dada. Zilikuwa bado hazijafika barabarani."

Nikamgeukia kijana. Nikamwambia, wewe umeokolewa na geti la mtaa. Siku kampuni ingekupa namba ya kwako mwenyewe, na ulikuwa umeshaanza kuwaomba, dunia nzima ingekuwa sebuleni kwenu siku hiyo hiyo. Akanijibu kama vijana wote wanavyojibu: "Sasa anko, nani atahangaika na kompyuta ya Tabata?"

Swali zuri. Na jibu ni kwamba hakuna anayehangaika na Tabata. Wanahangaika na namba, zote. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walitoa programu iitwayo ZMap. Kompyuta moja yenye intaneti ya kasi iliweza kugonga poti moja kwenye namba zote za dunia, za mtindo ule wa bilioni 4.3, kwa dakika chini ya 45. Soma tena. Dakika chini ya 45! Mwizi wa leo hapiti mtaa kwa mtaa akichungulia madirisha. Anagonga nyumba zote za dunia kabla ugali haujaiva, halafu anarudi kwa wale walioitika.

Na usidhani gemu haina uhusiano na wizi huo. Mwaka 2016 kulizuka kirusi kilichoitwa Mirai. Kilikuwa kinatafuta kamera na ruta ambazo wenyewe hawakubadilisha paswedi ya kiwandani, kinajaribu orodha ya paswedi kama 60 hivi za aina ya "admin", kikiingia kinakifanya chombo kuwa mtumwa wake. Oktoba mwaka huo watumwa wa namna hiyo waliishambulia kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Waliokitengeneza ni akina nani? Vijana watatu wa Marekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, ambao walikiri kosa mahakamani Desemba 2017. Na chimbuko la yote ni biashara ya seva za Minecraft, vijana kutaka kuangusha seva za wenzao ili wachezaji wahamie kwingine. Ushindani wa gemu ukazaa balaa la dunia.

Halafu Desemba 2021 likaja soo lingine. Ndani ya Minecraft ya Java kulikuwa na kipande cha programu kinachoitwa Log4j, chenye tundu. Mtu alikuwa anaandika mstari mmoja tu kwenye maongezi ya wachezaji, na seva inatii, inakwenda kuchota programu ya mwizi na kuiendesha. Mstari mmoja! Waliotoa gemu waliziba tundu kwa toleo la 1.18.1, tarehe 10 ya mwezi huo huo. Aliyesasisha alipona. Aliyesema "nitasasisha kesho" alilala mlango wazi.

Sisemi haya ili ufunge seva yako. Nasema ili ufungue mlango mmoja, kwa akili. Sasa chukua kalamu.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa chochote, jua kama una geti lako mwenyewe. Ingia kwenye ruta, tazama namba ya nje. Halafu uliza kwenye intaneti namba yako inavyoonekana na watu wa nje. Zikifanana, una namba yako, songa mbele. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianza na 100.64 mpaka 100.127, au 10, au 192.168, au 172.16 mpaka 172.31, basi kuna geti lingine mbele yako. Usipoteze usiku wako. Iulize kampuni yako kama inatoa namba ya umma na kwa bei gani. Au tumia njia ya Tailscale au ZeroTier: wewe na washikaji mnaweka programu moja, mnakuwa kama mko ndani ya uzio mmoja, na geti halifunguliwi kabisa. Kwa marafiki watano wanaofahamiana, mimi naona hiyo ndiyo njia bora hata kwa mwenye namba yake.

Pili, ipe kompyuta ya seva chumba cha kudumu. Ruta ina tabia ya kugawa vyumba upya. Umeme ukikatika, na unajua unavyokatika, kompyuta iliyokuwa chumba cha 50 inaweza kuamkia cha 53. Mlinzi atampeleka mgeni wako kwenye televisheni! Kwenye ruta kuna sehemu ya kukifungia kifaa namba yake, fanya hivyo.

Tatu, andika maagizo yenyewe. Ruta nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta maneno "Port Forwarding" au "Virtual Server". Poti ya nje 25565, poti ya ndani 25565, namba ya chumba 192.168.1.50 au yoyote uliyoifunga, na aina ya usafiri TCP. Kwa Bedrock ni 19132 na usafiri ni UDP. TCP ni kama mzigo wa kusaini, usiposainiwa unatumwa tena. UDP ni kama gazeti linalotupwa dirishani, likikosa limekosa. Ukichagua usafiri usio wake, mgeni hafiki hata kama namba umeipatia.

Nne, kufuli ya chumba. Usiizime faiawoli. Iruhusu gemu hiyo peke yake, mengine yote yabaki yamefungwa.

Tano, jaribu kutoka nje, na seva iwe imewashwa. Usipoiwasha, poti itaonekana imefungwa na utalaumu ruta bure. Na ukijaribu ukiwa kwenye waifai hiyo hiyo ya nyumbani unaweza kudanganyika, maana ruta nyingine hazikubali mtu wa ndani azunguke kuingia kwa geti la mbele. Zima waifai kwenye simu, washa bando, jaribu kwa Bedrock. Au mwombe mshikaji aliyeko mbali ajaribu.

Sita, namba yako ya nje nayo inaweza kubadilika. Wapo wanaotoa jina la kudumu linaloifuata namba popote inapohamia, kama DuckDNS na No-IP. Washikaji wanashika jina, namba ihame itakavyo.

Hapo mchezo umekubali. Sasa sikiliza masharti ya mwenye nyumba, maana haya ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu wiki hii.

Weka orodha ya wageni. Kwenye Minecraft inaitwa whitelist: asiye na jina haingii, hata kama ameufikia mlango. Na acha seva ihakiki kwamba mchezaji ana akaunti ya kweli, usiizime hiyo ili kumfurahisha mwenye gemu la bandia. Ukiizima, yeyote anaweza kuja na jina la mshikaji wako na akapita.

Usitumie DMZ kwa kompyuta ya familia. Usifungue poti 3389, ile ya kuiendesha Windows kutoka mbali, eti ili usaidiwe na fundi. Kamera ya nyumbani nayo usiitoe nje kwa njia hii. Mlango mmoja, chumba kimoja, basi.

Zima kile kitu kinachoitwa UPnP. Hicho kinaruhusu programu yoyote ya ndani kumwagiza mlinzi afungue poti bila wewe kujua. Ni mpangaji anayechonga funguo za geti na kugawa.

Badilisha paswedi ya ruta leo. Siyo kesho. Ile iliyobandikwa chini ya kiboksi, au "admin", haitoshi. Sasisha ruta, sasisha gemu, sasisha Windows.

Namba yako ya nje usiitupe kwenye kundi la watu 200. Mpe unayemjua. Mwenye namba hiyo, mkikosana, anaweza kuituma mafuriko ya takataka mpaka nyumba nzima ikose intaneti, na dada yako ashindwe kutuma kazi ya chuo kwa sababu wewe ulimshinda mtu gemu.

Na kama una kompyuta kuukuu iliyokaa bure, weka seva humo, ile yenye hesabu na ripoti iache ipumzike. Ni afadhali zaidi ikikaa kwenye waifai ya wageni, kama ruta yako inaruhusu, ili aliyeharibu huko asipate njia ya kuvuka kuja huku. Hata hivyo nakala ya ripoti iwepo kwenye flashi, tena flashi isiyochomekwa muda wote.

Mwisho kabisa, funga. Likizo ikiisha, gemu likiwachosha, rudi kwenye ruta ukafute yale maagizo. Watu wengi wanakumbuka kufungua, wachache wanakumbuka kufunga. Mlango unabaki wazi mwaka mzima, seva ndani imezeeka, haijasasishwa, na mwenyewe keshahamia gemu lingine. Wahenga walishamaliza kazi hii zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mama, wewe uliyevumilia mpaka hapa, usimpige kijana marufuku. Kijana anayejua kumwagiza mlinzi vizuri kesho ataajiriwa kulinda mageti ya watu wakubwa. Mwulize maswali matatu tu: umefungua mlango gani, unaingia chumba gani, na nani yuko kwenye orodha? Akikujibu bila kumung'unya maneno, mpe soda. Akisema "nimefungua kila kitu", chomoa waya kwanza, maongezi baadaye.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.